Feni za Kiwandani

Jumatatu, 3 Machi

Imekufa. Nilikuwa kwenye picha ya tatu ya magorofa ya mkandarasi — bwawa limekaa vizuri, kivuli cha ukuta kimekaa vizuri — mara mistari ya waridi skrini nzima, kisha giza. Nimezima, nimewasha. Mistari. Nimechomoa kadi ya picha ndani ya kompyuta, nimeipuliza kama mtoto aliyepaliwa, nimerudisha. Mistari!

Kadi hiyo ndiyo ofisi yangu. Mengine yote humu ni meza na kiti. Bila kadi, nyumba ambayo haijajengwa haichoreki, na mkandarasi anataka picha kumi na mbili Ijumaa ya tarehe 14, mwenye mradi aone anachonunua. Zikikosekana, kazi ya mwaka mzima anapewa mwingine. Wanaoingoja hawakosekani.

Waranti ni miaka miwili. Mimi niko mwezi wa kumi na tatu. Nikashukuru! Shukrani haikukaa — nikakumbuka kwamba niliifungua. Wala sikungoja: mwezi wa kwanza tu. Feni zao mbili za kiwandani, ndogo kama visahani vya chai, ziliiacha kadi inachemka nyuzi 91. Chumba changu kina bati juu. Nikazitoa, nikafunga feni kubwa, ikashuka mpaka 68. Nyuzi 23! Kiwandani wana mainjinia wangapi?

Na kilichoiua si feni zangu. Mistari ya waridi ni chipu za kumbukumbu, ugonjwa wa kuzaliwa nao. Watu chungu nzima wanalia na kadi hii mtandaoni. Lakini nani atanisikiliza? Sheria yao fupi: ukifungua, ni yako.

Jumanne, 4 Machi

Feni za kiwandani ninazo, kwenye boksi lake, ndani ya mfuko. Mimi situpi kitu. Tatizo moja: siku ile nilikata plagi yao nikaiunga kwenye feni zangu, maana plagi ya aina ile haiuzwi. Leo nimeikata tena, nimeilehemu irudi kwa wenyewe. Nyaya nne, nyembamba kama uzi wa kushonea. Kiungo nimekifunika kwa mpira mweusi, nikakisukuma chini ya kava. Stika ya skrubu, ile inayochanika ukifungua, niliibandua enzi zile kwa draya ya nywele, nikaihifadhi. Imerudi mahali pake. Haina hata mkunjo.

Kazi safi. Sijaifurahia.

Nikampigia shemeji, mume wa dada. Ndiye anayepokea vitu vya waranti dukani kwao. Akauliza, hujaifungua lakini? Nikamwambia, nifungue nini shemeji, bisibisi yangu ni ya kukazia vitasa. Akacheka. Hata hakungoja nimalize.

Jumatano, 5 Machi

Dukani. Foleni mpaka mlangoni. Meneja — wote wanamwita Bwana Risiti — anazunguka nyuma ya kaunta mikono mgongoni. "Risiti kwanza, machozi baadaye." Mbele yangu baba mmoja na laptopu iliyomwagikiwa uji. Anaapa ni unyevunyevu wa hewa. Bwana Risiti akainusa. "Hewa ya kwenu ina sukari, mzee." Watu hoi. Nami nilicheka, huku jasho linanitiririka mgongoni.

Zamu yangu ikafika kwa shemeji. Akaigeuza kadi mara moja, hata miwani hakuvaa. Nikasema, ikague basi. Sijui kwa nini nilisema! Akanitazama kama nimemtukana. "Ya kwako wewe niikague nini? Uliyenilelea mtoto mwezi mzima dada yako akiwa hospitali?" Muhuri: HAIJAFUNGULIWA. Saini yake chini, ndefu, yenye mkia.

Nilitoka pale nimeshinda.

Ijumaa, 7 Machi

Nachora kwa laptopu. Picha moja ilikuwa dakika arobaini, sasa ni saa tisa, na hapo nimepunguza majani ya miti. Picha tisa bado. Tisa mara tisa, themanini na moja. Hesabu inakubali, laptopu haikubali: kila ikichemka inajizima na kufuta nusu ya kazi.

Mkandarasi kapiga. Dada, picha zinaiva lini? Nikasema ziko jikoni. Akasema, angalia usituletee mbichi.

Jumatatu, 10 Machi

Vumbi!

Nilikuwa nafuta vumbi kwenye feni ya sakafuni, kitambaa mkononi, nikaganda. Feni zangu kubwa zilikuwa na koti la vumbi la mwaka mzima. Za kiwandani nilizorudisha zimelala ndani ya mfuko muda wote huo. Zinang'aa! Kadi ya miezi kumi na tatu, feni za bwana harusi. Akili zote zile za nyaya nne na draya, nimesahau kitu ambacho hata mtoto angekiona.

Kama haitoshi, dada akapita. Kaja na furaha yake: shemeji anapandishwa, atakuwa msimamizi, ila makao makuu wanapitia kwanza kila alichokipigia muhuri miezi hii miwili. "Wapitie tu," anasema, "mume wangu muhuri wake haujawahi kurudi." Ameshachagua shule ya mtoto.

Nikamwambia hongera. Akaniuliza mbona umenyong'onyea. Nikasema kazi. Kweli kabisa, ni kazi.

Jumanne, 11 Machi

Nilikwenda kuirudisha nyumbani. Nilishajipanga: nimebadili mawazo, nipe kadi yangu, waranti siitaki. Shemeji akasema imeondoka na gari la jana, iko karakana kuu. "Tulia shemeji, haraka ya nini? Utapata mpya." Akaniletea kiti. Akaniletea na maji!

Maneno yalikuwa hapa, kooni. Shemeji, niliifungua. Maneno mawili. Nikanywa maji, yakashuka nayo.

Nimerudi, sijachora kitu.

Alhamisi, 13 Machi

Nimempigia shemeji mara sita, simu imezimwa. Dada anapokea, anasema kalala, kichwa kinamuuma. Sauti yake si ile ya Jumatatu.

Jioni kapiga Bwana Risiti mwenyewe. Nifike kesho saa tatu. Nikauliza kuna nini. "Habari njema kwako, mteja." Kwako!

Picha ziko sita. Mkandarasi simpokelei.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika nikiwa dukani, kwenye benchi la wateja. Mwandiko umepinda, nitasoma mwenyewe, basi.

Kadi mpya ninayo mapajani. Wamenipa! Boksi halijafunguliwa, stika inameta. Bwana Risiti kanipa mkono, kaniomba radhi kwa niaba ya kampuni. Mimi! Karakana kuu wameona yote: feni hazina vumbi la miezi kumi na tatu, plagi imekatwa na kulehemiwa. Na kwa kuwa muhuri unasema mteja aliileta haijafunguliwa, basi imefunguliwa hapahapa. Aliyeipokea kanyofoa feni nzima akauza, akabandika nyingine za kuungaunga. Ndivyo walivyoandika. Shemeji, mwizi wa feni!

Ninachotakiwa ni saini. Karatasi moja: mimi mteja nathibitisha niliikabidhi ikiwa kamili, kama ilivyotoka kiwandani. Nikisaini naondoka na kadi, na kabla ya jioni picha zote zimekwisha. Nisiposaini, nieleze kwa nini.

Nikasema, huyu bwana simdhanii wizi, mimi namjua. Bwana Risiti akasema, "Ndugu ndio wanaoliza zaidi, dada. Mgeni ataibaje asipojua kabati liko wapi?" Akaenda kumfuata bosi wa makao makuu, yuko chumba cha nyuma.

Shemeji amesimama kwenye kaunta, bila kitambulisho, wameshakichukua. Nilidhani hatanitazama. Kaja mpaka hapa, kainama kama anayeokota kitu. Kaniuliza kwa sauti ya chini: nyaya ulilehemu mwenyewe? Nikainamia boksi. Akasema, "Safi. Hata mimi ningepita bila kuona." Kisha: "Saini shemeji, uwahi kazi yako. Hapa mmoja ameshazama, wawili wa nini? Dada yako tu usimwambie."

Akarudi kaunta. Anapanga mihuri ambayo si yake tena.

Simu inaita. Mkandarasi. Imekata. Inaita tena.

Mlango wa nyuma umefunguka, wanakuja wawili. Karatasi iko juu ya boksi, mahali pa saini pamewekwa alama ya mshale. Wamenipa na peni, ndiyo hii ninayoandikia ha—