Mahari Yetu Ilikuwa Sisi

2 Machi

Wifi yangu Mama Pacha,

Salamu nyingi. Hamjambo huko? Kifua cha kaka yangu kimepona? Mimi namshukuru Mungu, ila naandika kwa mkono wa kushoto, usinicheke. Wa kulia una plasta. Kaka yako ameuvunja. Safari hii si kofi, ni chuma cha karakanani kwake.

Nataka kuondoka. Lakini unajua baba zetu hawakuwa na mahari, wakabadilishana sisi: mimi kwa kaka yako, wewe kwa kaka yangu. Mmoja akirudi kwao, mwingine naye anarudishwa, na watoto wanabaki kwa baba yao. Sitoki bila ruhusa yako.

Wifi yako mdogo


9 Machi

Wifi yangu mdogo,

Pole sana, mpenzi. Nimesoma barua yako, nikakaa juu ya marobota ya sponji. Kaka yako amepona, anashona makochi huku akiimba vibaya kama kawaida.

Nimemwandikia kaka yangu barua kali. Vumilia kidogo, wifi. Pacha bado wananyonya. Nakuombea subira kila ninaposali.

Mama Pacha


30 Machi

Wifi,

Salamu. Barua yako aliisoma kwa sauti, akacheka, kisha akanifungia ndani. Hii jirani ataipokea dirishani, akutumie. Usimwandikie tena. Nitavumilia. Nibusie pacha.

Wifi yako mdogo


14 Aprili

Wifi yangu mdogo,

Hujambo? Hata kuuliza naogopa.

Jana nilipiga magoti nikuombee subira, ulimi ukagoma. Mungu alijua naiombea nyumba yangu. Nikamfuata kaka yako kazini. Misumari ilikuwa mdomoni, unajua anavyoishika. Akaitoa mmoja mmoja.

"Baba hatakubali ubaki," akasema. "Na nyumba ni yake."

"Najua. Nenda kamchukue dada yako."

"Na mimi nani atanisema kwa kuimba?"

Tukacheka, halafu hatukucheka tena.

Barua hii anakukabidhi yeye mwenyewe. Toka naye, usichukue hata kijiko. Mimi narudi kwetu, mtapishana nami njiani.

Pacha nimewaachisha ziwa. Mkubwa halali mpaka ashikwe kidole cha mguu. Mdogo anapenda uji wa vuguvugu, wa moto anautema. Wakiita mama usiku, usiwaambie nimekwenda wapi. Itika tu.

Bado wifi yako,
Mama Pacha