Nimemtolea Daktari Ulimi

Firdausi uko wapi?? Shika simu. Nimetoka hospitali hapa Kasulu sasa hivi na sijui nicheke au nilie.

Si unakijua kile kivimbe cha mwanangu Ange pale mbele ya shingo, kilichoninyima usingizi? Mama mkwe alishasema ni saratani, akaanza na kufunga kwa maombi kabisa.

Leo daktari kamwinamia, kamshika shingoni taratibu, kamwambia, "Toa ulimi nje."

Ange kafunga mdomo!! Daktari kabembeleza weee. Mtoto anamjibu, "Mama alisema nikimtolea mtu mzima ulimi atanichapa."

Daktari akanigeukia. "Basi mama, muoneshe wewe."

Firdausi, NIMEMTOLEA DAKTARI ULIMI. Wote. Mlango uko wazi, na mke wa mchungaji wetu yuko kwenye benchi ananitazama!!

Ange kuona vile akatoa wake mpaka kidevuni. Na kivimbe kikapanda juu! Nimekiona kwa macho yangu, ulimi ukitoka nacho kinapanda.

Daktari akatabasamu. Wakampiga altrasaundi, akasema, "Ni kifuko cha majimaji, amezaliwa nacho. Kimeshikana na mzizi wa ulimi, ndiyo maana kinapanda nao. Atafanyiwa upasuaji, tukitoe."

"Si saratani?"

"Si saratani, mama."

Nikamuuliza tena. Akanijibu tena.

Hapo ndipo nililia, shoga yangu, kwa sauti. Ange akanipanda mapajani, akanifuta machozi kwa gauni lake. "Mama usilie, daktari hajakasirika."