Vumbi Jeupe la Karakana: Kwa Baba Yetu Luhaga Ngosha (1938–1996)

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu asubuhi ile ya tarehe 9 Agosti 1996 ulipotuacha wodini, Mama akiwa amekushika mkono, na redio ya mgonjwa wa kitanda cha pili ikisoma matangazo ya vifo vya watu wengine. Nyumba ya Ilemela ipo. Mlango wake bado unakwama mvua ikinyesha, na hakuna kati yetu anayeweza kuufungua kama wewe, kwa kuuinua kidogo na bega.

Ulikuwa mtu wa maneno machache na masikio makali. Kwa miaka ishirini na minne ulikuwa fundi wa mabomba ya mvuke katika karakana ya meli hapa Mwanza, na meli ikipita mbali ziwani ulituambia, bila kuinua kichwa, ni ipi na inaumwa wapi. Hukugusa chakula mpaka Mama aketi. Mzee Mohanlal, mwenye duka la vipuri, anasimulia hadi leo jinsi ulivyomtengenezea pampu ya maji Jumapili nzima, ukakubali kikombe kimoja cha chai na cha pili ukakikataa.

Mama ulimwita "Mwalimu," na watu wakadhani anafundisha shule. Hawakujua kwamba ulimwoa ukiwa hujui kusoma, na kwamba yeye, Teodora wa Kisesa mwenye darasa la nne, ndiye aliyekuwa akikushikisha kalamu kila ukitoka kazini, mpaka ukaweza kuandika jina lako bila kunakili.

Kazi uliipenda. Mabomba ya mvuke yalifunikwa kwa asbesto ili joto lisipotee. Ilikuja kwenye magunia, nyeupe na laini, nanyi mkaiita unga. Mliukanda kwa maji kama ugali na kuupaka kwenye bomba kwa mikono mitupu. Bomba likiharibika mliubomoa kwa nyundo, mkavu, ndani ya tumbo la meli, mpaka mtu hamwoni aliye hatua mbili mbele yake. Rafiki yako Chenge alikuwa akisema mkitoka humo mnafanana na watu wa mashine ya kusaga. Mlicheka. Hakuna aliyewaambia mfunge hata kitambaa puani.

Shirika lenye karakana lilipovunjwa mwaka 1993, wewe na wenzako mlipewa barua za kupunguzwa kazi. Ukaanza kuchomelea masufuria na majembe kule Nyegezi, karibu na stendi. Hukulalamika. Kikohozi kilikuja mwaka uliofuata, kikavu, nawe ukasema ni moshi wa kuchomelea. Kisha ukashindwa kupanda kilima chetu bila kupumzika mara tatu kwenye mawe. Zahanati walikupa dawa za kifua kikuu. Ulizimeza miezi minane bila kuruka siku, na bado suruali ikawa inakuvuka kiunoni.

Hapo ndipo watu walipoanza kusema. Miaka hii mtu akikonda, ugonjwa wake una jina moja tu. Majirani waliacha kunywa maji kwetu. Kanisani, kwenye benchi la kwaya, ulikaa peke yako. Mama aliyaona yote, na siku moja akavaa kitenge chake cha sikukuu, akakuambia:

"Baba Elias, twende tukapime."

"Mwalimu, na nikikutwa nao?"

"Tutakuwa nao wawili. Vaa viatu."

Hamkuwa nao. Mama alipita na karatasi ya majibu nyumba kwa nyumba, binti yako Winnie akimfuata nyuma na kumsihi aache. Wengine waliisoma wakamshukuru Mungu kwa sauti. Alipogeuka tu, mmoja akasema siku hizi hata karatasi zinanunuliwa. Mama alisikia. Siku hiyo alilia, Baba, ingawa kwako aliingia anacheka.

Ilikuwa Machi 1996 tulipompata daktari wa kwanza aliyekuuliza ulikuwa unafanya kazi gani. Alikuwa ametoka kukutoa lita mbili za maji kifuani. Ulipomweleza habari za unga, akaweka kalamu chini. Alisema ni saratani ya utando unaozunguka mapafu, na kwamba vumbi lile hulala kifuani miaka ishirini, hata thelathini, ndipo linapoanza kuua. Alitaka kukupeleka Dar es Salaam, lakini alihitaji barua ya mwajiri ieleze ulikuwa ukishika nini.

Mama akaanza safari za ofisini. Mara ya kwanza aliambiwa shirika lile halipo, hii ni kampuni nyingine. Mara ya pili, mafaili yamehamishwa. Mara ya tano karani alimwambia bila kumtazama, "Mama, wazee wote wanakohoa." Mara ya saba aliketi sakafuni mbele ya mlango wa meneja, viazi vyake vya kuchemsha kwenye kikapu, akasema hatoki. Saa tisa alasiri wakampa barua yenye muhuri.

Aliikimbiza wodini, nawe ukataka akusomee. Ilisema kwamba Luhaga Ngosha alikuwa fundi kuanzia mwaka 1969 hadi 1993, na kwamba alikuwa na tabia njema. Basi. Neno asbesto halikuwemo.

"Rudia hapo kwenye tabia," ulisema.

Mama akarudia. Ukacheka, Baba, ukacheka mpaka pumzi ikakukatika na nesi akaja mbio na mtungi wa oksijeni. Ulipotulia ulimwambia, "Andika wewe. Wao hawakuwemo mle ndani."

Kwa siku mbili ulitamka neno moja moja, naye akaandika: meli zipi, miaka ipi, na majina ya wenzako tisa waliokufa wakikohoa, Chenge wa kwanza, Antoni wa mwisho. Ukatia sahihi kwa mkono wako. Daktari aliipokea kana kwamba imetoka kwa mwajiri mwenyewe, akaandika rufaa. Nafasi ya Dar es Salaam ilitoka tarehe 15 Agosti. Ulikuwa na siku nne kaburini, Kisesa.

Tungependa kuishia hapo. Lakini hatukuzoea kukuficha jambo.

Mwezi wa tano mwaka huu Mama alianza kushika ubavu akipanda kilima. Alisema ni majonzi. Mwanao Elias akampeleka kwa daktari yule yule. Daktari aliinua picha ya kifua kwenye mwanga, akaitazama sana, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyelitegemea.

"Mama, nguo za kazi za mzee alikuwa akifua nani?"

"Mimi," Mama akajibu. "Nani tena?"

Akaeleza kwamba alizikung'uta kwanza ukutani, moja moja, ili zisichafue maji. Daktari akavua miwani. Alisema ni ugonjwa ule ule, kwamba maji atamtoa kila yakijaa, lakini dawa ya kuponya hana, na hamjui aliye nayo.

Siku tatu Mama alijifungia chumbani. Sisi tulikukasirikia, Baba. Tusamehe. Tulikasirikia hata maovaroli. Siku ya nne alitoka chumbani, akasema, "Hakujua. Asitokee mtu wa kumsema mbele yangu." Akajifunga kanga, akaenda kwa Justa, mjane wa Chenge. Hakumuuliza chochote kuhusu marehemu. Alimuuliza nani alikuwa akifua. Justa alimtazama, akajishika kifua, wakakaa pale kizingitini wote wawili.

Tangu siku hiyo amefika kwa wanawake kumi na wanne waliofua nguo za karakana. Sita wamepigwa picha, na wanne kati yao wameambiwa kilekile alichoambiwa yeye. Anakwenda kwa miguu, akipumzika kila baada ya nyumba tatu. Tumemkataza. Unamjua.

Kwa hiyo, Baba, turuhusu tuwageukie kidogo wanaosoma hapa. Wewe dada, wewe shangazi, uliyefua nguo za mtu wa karakana: usingoje kukohoa. Nenda ukapigwe picha, na umwambie daktari uliwahi kushika nini. Ukiogopa kwenda peke yako, njoo kwetu Ilemela, uliza nyumba ya Mama Elias.

Unakumbukwa na mkeo Teodora. Wanao Elias, Winnie na Josephat. Mdogo wako Jonathan na familia yake, Kisesa. Wajukuu wako wanne. Mzee Mohanlal na Mama Jasuben. Na wenzako wachache wa karakana walio hai. Misa ya kukuombea itasomwa Jumamosi hii asubuhi. Hutafutika mioyoni mwetu.

Mama ameomba neno la mwisho liwe lake, nasi tumeliandika alivyolisema:

"Baba Elias, sikusahau hata saa moja. Ila usiniite kwanza. Wako wanawake thelathini ambao sijawafikia."