Mafuta ya Mchaichai Yamenitenga na Mume Wangu

Mpendwa Bi Ummkulthum,

Naomba msaada wako, na naomba jina langu usilitaje redioni, maana Jadida nzima husikiliza kipindi chako, na mie bado ni bibi harusi, hina ya mikononi haijafutika, na tayari nimechoka kama mtu aliyekwisha kuoza wajukuu.

Kwanza nikwambie nilivyo na bahati. Mume wangu, nimwite Talib ingawa si jina lake, ni mtu ambaye nikimpikia wali ukalowa hula akasema leo umekuwa laini, na akicheka nahisi ukumbi mzima umepigwa chokaa upya. Anafanya kazi Konde, kwa mtu mmoja anayepika majani ya mchaichai kwenye pipa kubwa mpaka mvuke utoe mafuta, yeye huchochea moto na kushindilia majani, na kila jioni hurudi ananukia mchaichai kuanzia kofia mpaka ndara, na mie nikiipata harufu ile mlangoni roho yangu huinuka kabla hajapiga hodi.

Tulipotoka fungate akaniletea kichupa cha mafuta hayo, akakiweka kiganjani mwangu akasema, "Haya ya kunukishia nyumba, mpenzi wangu, tone moja tu latosha." Nikamcheka, nikamwambia, "Mapenzi ya tone moja ndiyo mapenzi gani hayo?" Basi nikawa natia kwenye maji ya kupigia deki, natia kwenye mito, napaka neti, na madirisha nikayafunga ili harufu isitoke ikawafaidi majirani, na kichwa kilipoanza kuniuma nikasema ni uchovu wa harusi.

Sasa ndiyo naja kwenye lenyewe. Somo wangu, mama aliyenifunda kabla ya harusi, alinifundisha kumsinga mume, kumsugua mwili kwa singo la manukato. Alinambia, "Changanya liwa, karafuu ya unga na marashi, na likiwa kavu litamkwaruza, kwa hiyo tia mafuta, mwanangu, usifanye choyo." Mie na mapenzi yangu nikachukua kile kichupa, nikamimina kijiko kizima kwenye singo, nikamsinga Talib mgongo mzima na mabega, na yeye anasema, "Mbona kama linawasha?" na mie namjibu, "Tulia bwana harusi, uzuri hauji hivi hivi." Nikamsinga tena siku ya pili.

Bi Ummkulthum, mgongo wa mume wangu ukawa mwekundu kama ndani ya tikiti, ukafanya vipele, na mahali pengine malengelenge. Usiku hageuki, shati halivai. Mamake, mavyaa wangu, anakaa Micheweni, na aliposikia akauliza kijana kala nini, akaambiwa pweza, akasema, "Ndiye huyo! Pweza kamkataa," akamchukua kwake amtazame. Tangu hapo mume wangu yuko kwa mamake, pweza hali, na mie niko hapa peke yangu, vidole vimepasuka, kila nikilaza kichwa kwenye mto harufu inanipanda puani natamani kutapika, na wifi yangu aliponiona sokoni akanambia, "Bibi harusi, mume wa wiki mbili halali kwake, umemfanya nini?" Alikuwa anatania, lakini nilirudi nyumbani nikakaa kitako jikoni, sikupika.

Na mie najua nilichomfanya. Nilijua nilipoona vidole vyangu vinafanana na mgongo wake. Nimeshindwa kumwambia, kwa sababu yeye ndiye aliyeniletea zawadi ile kwa mapenzi, na mamake akijua atasema nimemuunguza mwanawe.

Jana mavyaa kapiga simu. Kasema, "Mwanangu, ile chupa yako ya mchaichai niletee. Mchaichai ni dawa, sie tumeunywa tangu wadogo. Nitamtilia kijiko kwenye chai akate joto la pweza." Nimemwambia naja Ijumaa, Talib naye kafurahi kwamba naja. Nikienda na chupa naogopa, nikienda bila chupa nitaulizwa. Na kama kweli ni dawa, pengine ndiyo itakayomponya akanirudia? Nifanye nini? Nimechoka, Bi Ummkulthum, na nampenda mno.

Mwanao,
Bibi harusi wa Jadida

*

Mwanangu wa Jadida,

Chupa usiipeleke. Nakwambia hilo kabla ya salamu, na kama kuna mwingine anayenisikiliza na kijiko mkononi, naye akiweke chini. Kijiko kimoja cha mafuta yale kwenye chai kinaweza kumuunguza mtu koo na tumbo na kumpeleka hospitali, na mtoto mdogo ndiyo kabisa. Mavyaa wako hajakosea kuhusu mchaichai. Majani mawili ndani ya birika ni kinywaji chetu sote. Lakini kwenye kichupa kile limekamuliwa shamba zima, na mtu hanywi shamba.

Sasa nikugombeze. Barua yako yaonyesha umesoma, na mume alikwambia tone moja, ukamjibu kwa mahaba. Maneno yako ni matamu, lakini ngozi haijui mahaba. Na lugha yetu nayo imekuponza. Mafuta ya nazi ni mafuta, mafuta ya kula ni mafuta, na mafuta ya taa pia ni mafuta. Je, ya taa ungemsinga nayo? Somo wako alisema "tia mafuta" akiwa na maana ya nazi, kwa sababu kwa wakati wake hakukuwa na mafuta mengine kwenye singo. Hukumuuliza, ukachukua yaliyokuwa karibu na moyo wako.

Pole, lakini. Nakuona umekaa jikoni na njaa yako. Kosa lako ni la mtu aliyependa kwa haraka, na wewe si wa kwanza.

Nyumba yako kwanza. Fungua madirisha yote leo. Fua foronya na neti kwa sabuni, anika juani. Hicho kichwa si uchovu wa harusi, ni wewe umejifungia ndani ya pipa la Konde. Baadaye ukitaka kupiga deki, matone machache kwenye ndoo yenye sabuni yanatosha, na madirisha wazi. Usidondoshe kwenye chetezo chenye makaa, yanashika moto. Kichupa kikae juu, kimefungwa, mbali na watoto wa jirani wanaoingia kwako bila hodi. Na kama siku zako zimechelewa, usiyaguse kabisa mpaka umuulize mkunga.

Anayetaka kujipaka, matone mawili kwenye kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi, si zaidi, na kwanza ajaribu padogo ndani ya mkono, angoje mpaka kesho yake. Kwenye maji ya kuoga usitie, hayachanganyiki na maji, yataelea na kukung'ang'ania mwilini. Lakini hayo nawaambia wengine. Wewe na mumeo, msijipake tena hata tone. Ngozi ikishayakataa hukumbuka, na safari nyingine hata tone moja litaiwasha.

Ndiyo maana kunyamaza kwako ni kubaya kuliko kijiko chako. Mumeo atapona vipele, atarudi Konde, atashika yale majani, atawashwa tena, na atamlaumu pweza. Akienda kwa daktari atasema pweza, na daktari atatibu pweza. Mwenye kazi ya mchaichai lazima ajue kama mwili wake umeukataa, ili avae glavu na nguo ya mikono mirefu, azungumze na mwenye kazi, aangalie riziki yake mapema. Hilo hakuna anayeweza kumwambia isipokuwa wewe.

Kwa hiyo Ijumaa usiingoje. Mpigie simu mavyaa sasa hivi umwambie, "Mama, usimpe mafuta ya mchaichai, ya kwangu wala ya mtu mwingine, nakuja nikueleze." Halafu panda gari la Micheweni. Mpeleke mumeo kituo cha afya na hayo malengelenge, na wewe mwenyewe uwe wa kwanza kusema mbele ya daktari kilichopakwa. Mavyaa atafoka. Mwache afoke, ni mwanawe. Mjibu, "Nimekosa, mama, nifundishe," kisha unyamaze.

Na Talib wako, mtu anayekula wali uliolowa akausifu, hakukimbii, mwanangu. Amelala kifudifudi kwa mamake akisikiliza magari yanayopita. Zima redio, uvae baibui, uende.