Jibu Nililompa Bwana Pruett

S.L.P. 41,
Dunmore Creek,
Mississippi.
26 Julai 1955.

Mpendwa Dada Luvenia,

Kabla hujaweka miwani sawa, jua kwamba unasoma barua ya mtu mwenye bahati kuliko wote waliozaliwa upande huu wa mto. Mdogo wako amemjibu mzungu mkubwa penye kipaza sauti, mbele ya watu elfu mbili, na bado ana meno yote aliyokwenda nayo. Nitakueleza. Wewe keti tu.

Lakini adabu kwanza. Hujambo, dada? Goti linaendeleaje na zile ngazi za ghorofa ya nne? Shemeji Otis bado anakoroma, au kiwanda kimemmaliza nguvu? Sisi huku wazima. Mke wangu Maybelle aliumwa jino wiki mbili, likang'olewa, na sasa anayasema maneno yote aliyokuwa ameyaweka akiba. Joto limezidi hadi kuku wanataga wakiwa wamefumba macho. Mimi ni yuleyule, mzuri wa sura, mbovu wa mwandiko. Unajua darasa la nne nililiachia mlangoni.

Neno lililonifanya nishike kalamu ni huyu binti yetu Idella. Anakuja kwako. Atapanda treni ya Ijumaa na kufika Chicago Jumamosi, ana sanduku moja la kahawia lililofungwa kamba. Nakuomba umpokee, umpe hata kochi, mpaka apate kazi au ile shule ya uuguzi anayoitaja kila siku. Ana miaka kumi na tisa, si mlaji, na nguo zake anafua mwenyewe. Sijakuomba kitu tangu nilipokuwa vitani Ufaransa, na hata kule niliomba soksi tu.

Utauliza mbona ghafla hivi. Basi sikiliza.

Unamkumbuka Carlisle Pruett, mtoto wa yule mwenye kinu cha pamba. Sasa anagombea kiti cha seneti ya jimbo, na Jumamosi ya wiki iliyopita alifanya mkutano wake kwenye uwanja wa mahakama. Huku kwetu mkutano usio na nyama haupati kura, na nyama isiyopita mkononi mwangu ni ngozi tu. Kanali mmoja kule Ufaransa alilia kwa mbavu zangu, na hakuwa mtu wa kulia. Kwa hiyo waliniita mimi. Nguruwe kumi na wawili, shimo la moto refu kama behewa, na mchuzi wangu wa siki na pilipili ambao siri yake nitazikwa nayo.

Kuna jambo ambalo sikuwahi kukuandikia. Kila mkutano wa siasa hapa mjini, saa moja asubuhi, kabla watu hawajafika, Bwana Carlisle huja peke yake pale shimoni. Hukalia kreti. Mimi hutoa ubavu mmoja, ule ulioiva kuliko yote, nikauweka kwenye ubao wa kukatia, tukaula kwa mikono, yeye akianzia kwake, mimi kwangu, hadi tukutane katikati. Miaka tisa sasa. Na miaka yote hiyo nimetamba mji mzima kwamba mimi na Pruett ni chanda na pete.

Siku hiyo alikuja kama kawaida.

"Ezell, mwizi mkubwa wewe," akaniambia, "mbavu nzuri umezificha wapi?"

"Nimekuwekea, bwana. Nguruwe huyu alikuwa anataka kukupigia kura, nikaona nimwahi."

"Umefanya vema. Orodha ya wapiga kura ina nguruwe wa kutosha."

Tukacheka, dada, kama watu waliozaliwa nyumba moja. Tukala. Akaniuliza habari za Idella, nikamwambia yuko pale anakata kabichi, leo atagawa chakula pamoja na wenzake. Akasema yule ni binti mwenye akili. Akajifuta mikono kwenye aproni yangu, akaenda zake.

Saa tano akapanda jukwaani. Waandishi wa magazeti walikuwepo, hata wawili waliotoka kwenu kaskazini, kwa sababu ya ile hukumu ya majaji tisa wa Washington, kwamba watoto weusi na weupe wasome shule moja. Nilijua atasema maneno. Maneno ya wanasiasa nayasikia tangu nikivaa kaptura. Lakini wale wa zamani walifoka, na mtu anayefoka unamngoja apoe kama sufuria. Huyu hakufoka. Alisema polepole kama mchungaji mbele ya jeneza, na hilo ndilo lililonitia baridi nami nimesimama kando ya moto.

Alianza kwa kusema hakuna duniani anayempenda mtu mweusi kama mzungu wa huku, maana wazungu wa huku wanawajua weusi kwa majina na wale wa kaskazini wanawajua kwa hesabu. Akasema Mungu alipotia bahari kati ya mabara hakukosea. Akasema kunguru hajengi kiota na njiwa, na hakuna jaji aliyewahi kumhukumu njiwa kwa hilo. Watu wakacheka. Kisha akashusha sauti. Akasema, leo wanataka dawati moja la shule. Mkiwapa dawati, kesho watataka meza moja ya chakula. Na mzungu akishakula meza moja na mtu mweusi, alisema, siku hiyo mzungu amekwisha, na mweusi naye amekwisha, kwa sababu yeye mwenyewe hajawahi kuiomba meza hiyo. Hii si chuki, akasema. Ni utaratibu wa upendo.

Dada, mafuta ya mbavu zangu yalikuwa bado kidevuni kwake. Nilikuwa hatua kumi, niliyaona yanang'aa kwenye jua. Nilitazama ule ubao, mfupa bado uko juu yake. Nilihisi kama nimeona mtu akivuka mto kwa mguu, akafika ng'ambo, akageuka na kuapa kwamba hapakuwa na maji.

Na makofi. Sikushangazwa na wahuni wa stendi. Nilishangazwa na Daktari Loomis, yule aliyepita kwenye matope hadi kiunoni usiku Idella alipozaliwa. Alipiga makofi taratibu, uso umetulia kabisa, kama mtu anayesikia wimbo wa kanisani aliouzoea. Ningemwona amekasirika ningeelewa.

Ndipo Bwana Carlisle akanyoosha mkono. "Mjomba Ezell," akaniita. Mimi na yeye tumepishana miezi mitatu, lakini mbele ya watu mimi ni mjomba, ili asiniite bwana. "Hebu sogea hapa kwenye kipaza sauti. Mabwana hawa wametoka mbali kuja kujua mtu mweusi anataka nini. Tusiwasumbue majaji, tumuulize mwenyewe. Mjomba, wewe unataka kuja kukaa kwenye meza yangu?"

Idella alikuwa amesimama karibu yangu na beseni la kabichi.

Nikavua kofia. Nikasema, "Bwana Carlisle, nije mezani kwako kufanya nini? Leo asubuhi wewe ndiye uliyekuwa mezani kwangu."

Dada, mzee mmoja wa mbele akacheka, wa pili akafuata, mara uwanja mzima. Bwana Carlisle akawa mwekundu kama nyanya, bendi ikaanza kupiga, nami nikarudi kwenye nguruwe wangu bila mtu kunigusa. Ndiyo hiyo bahati niliyokuambia. Wasimulie huko kanisani kwenu, na shemeji akawasimulie wenzake kiwandani.

Idella basi amechafuka moyo na mji huu. Tangu siku hiyo hali nyama yangu. Nikiweka chakula mezani, anachukua mkate na kwenda kukaa kwenye ngazi. Maybelle anasema ni joto. Nami nikasema ndiyo, ni joto. Unajua behewa la chakula kwenye treni haliwahudumii watu wetu, kwa hiyo nilitaka kumfungia mbavu kwenye boksi la viatu. Amesema hapana, mama yake atamkaangia kuku.

Mwambie ukweli kuhusu baridi ya huko, asije akadhani koti lake la Jumapili linatosha. Akilia wiki ya kwanza mwache alie. Akiniuliza habari zangu, mwambie nimeuliza zake.

Nisalimie shemeji Otis, na yule mpangaji wenu Bibi Corrine anayekopa sukari, na watoto wote waliokua bila ruhusa yangu. Maybelle anakusalimu, na Shangazi Zilpha anasema bado ana sufuria yako. Mungu akulinde na hizo ngazi, akulinde na huo upepo wa ziwani, na mlango wako usikose mtu wa kuubisha kwa heri.

Wako akupendaye daima,
mdogo wako,
Ezell Gathright.

Dada, bahasha nilikuwa nimeshailamba. Nikampa Idella akaitie posta. Akaishika, akaniuliza, "Baba, umemweleza shangazi?" Nikasema nimemweleza. Akasema, "Umemweleza ulichosema?" Nikaanza kufuta meza. Akasema, "Mimi nakwenda kukaa nyumbani kwake. Akiniuliza, sitaweza kusema uongo kwa ajili yako." Akairudisha mezani, akaenda kuendelea kukunja nguo zake.

Sikumjibu Bwana Carlisle vile nilivyokuandikia. Lile jibu lilinijia kesho yake, nikizoa majivu. Penye kipaza sauti nilivua kofia, nikatazama viatu vya Bwana Carlisle, nikasema, "La, bwana. Sisi huku tumeridhika." Wakanipigia makofi, na Daktari Loomis alipiga. Waandishi wakaniuliza jina linaandikwaje, nikawatajia herufi moja moja. Idella alisikia yote.