Kivuli cha Hakimu

Gunsan, 4 Novemba 2003

Mwanangu Duho,

Baridi ya Cheorwon inakutendaje? Unakula? Mimi mzima, ni mgongo tu. Soko zima linajua nina mwanajeshi. Hata wasiouliza nawaambia.

Umesema ninyi wapya hamruhusiwi vitabu. Basi nimeingia chumba cha kaka yako, mara ya kwanza tangu ile ajali ya pikipiki iliyomchukua Machi. Nimechukua riwaya yake ya upelelezi, ile ya Joseon, Korea ya kale, ambako majoka yalilinda bandari na hakuna mgeni aliyewahi kututawala. Nitakunakilia sura kwa sura. Darasa langu la sita linatosha. Ya kwanza hii hapa: hakimu amekufa, kivuli chake kimeibwa, na Okdan, mganga mpelelezi, ameitwa.

Mama yako

Cheorwon, 15 Novemba

Mama, shikamoo. Mimi mzima. Nakula. Theluji imeanguka.

Sura imefika. Chumbani kwetu kambini wanagombea zamu ya kuisoma. Koplo ananiuliza, "Wewe, mama yako anaandika lini tena?" Tuma ya pili.

Likizo yangu ya kutimiza siku mia jeshini ni Desemba. Nitakwenda Seoul kwa rafiki. Nyumbani bila kaka Munho sitaweza.

Mwanao

Gunsan, 23 Novemba

Mwanangu, umeamkaje? Habari ya Seoul nimeisoma. Sina neno.

Sura ya pili mpaka ya tisa hizi. Kidole kimeota sugu na kabichi ya kimchi ya wateja imechelewa. Kumbe ndio utamu wenyewe huu. Nilikuwa namgombeza Munho, "Utakula karatasi wewe?" Sasa nasoma huku nachemsha soya, sufuria inaungua. Muuaji nimeshamjua: ni muuza dawa. Anapima mizizi kwa mkono wa kushoto, na vivuli hukamatwa kwa kushoto. Mama Yeongsun wa samaki anabisha. Nimemwambia, mwenzangu, endelea na samaki wako, upelelezi tuachie wenye akili.

Imebaki sura moja. Sikutumii, na mimi mwenyewe sijaifungua. Ifuate hapa.

Mama yako

Cheorwon, 2 Desemba

Mama, shikamoo. Koplo amenuna kwa ajili ya hiyo sura.

Mimi mwisho naujua. Kitabu hicho tulikisoma na kaka mwaka juzi. Alikuwa anafunua ukurasa kabla sijamaliza. Sikukwambia kwa sababu ulikuwa unafurahi, na mwaka huu sijakuona ukifurahi.

Si muuza dawa. Rudia sura ya sita, pale mvua inaponyesha.

Nyumbani, sijui. Nikiufikiria mlango sihisi kitu chochote, na hicho ndicho kinachonitisha.

Mwanao

Gunsan, 8 Desemba

Mwanangu, mgongo haujambo kidogo.

Sura ya sita nimeirudia mara tatu. Bado ni muuza dawa.

Mlango mimi naupita kila siku, na mimi pia sihisi kitu. Navua viatu, nawasha jiko. Mtu anaweza kuishi hivyo. Godoro lako nimelitandika sebuleni, si kule chumbani. Hakuna atakayekutaka ulie. Majirani wakija nitawaambia ni askari, amechoka.

Mama yako

Cheorwon, 13 Desemba

Mama, shikamoo.

Kwenye fomu ya likizo nimeandikisha Gunsan. Nitafika Jumamosi ijayo, saa nane mchana. Usije stendi, na usilete soko zima.

Kitabu usikifungue. Nikikosa la kusema, nitakusomea.

Mwanao