Fomu ya Kidato cha Tano na Kamba ya Ndege

Baba,

Mpunga wetu wa Ngonga umeinamisha vichwa tena, na huu ni msimu wa kwanza tunafukuza ndege bila wewe. Kamba yako ipo, kutoka dunguni tunapokaa kulinda hadi ukingo wa mto, na makopo yake yote. Mama hajaruhusu liondolewe hata moja.

Nina jambo la kukiri. Siku ile kitandani uliponishika mkono ukasema, "Tusa, utakuwa daktari," niliitikia, "Ndiyo, Baba." Nilikudanganya. Damu inanishinda, na unajua. Ulipojikata na mundu, ni wewe mwenye jeraha uliyenimwagia maji mimi niliyezimia! Niliitikia kwa sababu ulikuwa unaumwa, na mwaka mzima neno hilo limenielemea.

Sasa shule imetupa fomu za kuchagua masomo ya kidato cha tano. Baiolojia ndiyo njia ya udaktari. Mimi nataka hesabu, ili chuo kikuu nikasome kompyuta. Usicheke. Mzee Athumani, yule muuza vitambaa wa mjini, siku hizi za biashara huria amejiletea kompyuta kuukuu kutoka Dar, anachapa kadi za harusi. Likizo hii namsaidia. Nilisoma kitabu chake, nikaandika programu ya kupanga majina ya waalikwa. Ikagoma. Mistari sitini, na kosa halionekani.

Nikakumbuka kamba. Ilipokatika, Baba mdogo aliifuata hatua kwa hatua tangu dunguni, akikanyaga mpunga, huku ndege wakijilia. Wewe ulipita juu ya tuta mpaka nguzo ya katikati, ukavuta. "Makopo ya mbele yakilia, pamekatika nyuma yako. Yasipolia, songa mbele, ugawe tena." Basi nikajaribu nusu ya kwanza ya programu peke yake. Ikaenda. Nikaigawa nusu ya pili, nikagawa tena, mpaka kosa likakosa pa kujificha. Baba, nililia pale dukani. Mzee Athumani akadhani nimemharibia mashine.

Jumapili baada ya ibada nikamwambia Mama. Akauliza, "Kwani hiyo kompyuta itamtibu nani?" Siku mbili hakunisemesha ila mambo ya chumvi na maji.

Jana asubuhi kundi la ndege likashuka. Nikavuta kamba, upande wa mtoni kimya. Nikashuka dunguni, nikapita juu ya tuta moja kwa moja mpaka nguzo yako ya katikati, nikavuta. Mama alikuwa pembeni anaokota madongo ya kuwatupia ndege. Akasimama kunitazama, akainyooshea kidole ile kamba iliyokatika. Kisha akasema, "Haya, daktari, mgonjwa wako huyo." Akageuka upesi, akajifuta macho kwa khanga.

Leo nimeijaza fomu. Nimeandika hesabu.

Pumzika, Baba, Tata wangu. Ndaga fijo, asante sana, kwa ile kamba. Nakuahidi nitakisoma mpaka mwisho hiki nilichokichagua, na safari hii siahidi kwa sababu unaumwa.

Binti yako,
Tusajigwe